Hajiri: Mjakazi Aliyeitwa kwa Jina Lake

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 12:10–20, Mwa. 16, Mwa. 21:8–21, Mwa. 25:7–11, Kum. 15:12–15, Kum. 23:15, 16.

Njaa ilimpeleka Abramu Misri, naye akarudi kutoka huko akiwa tajiri kuliko alivyokwenda. Kwa ajili ya Sarai, ambaye alikuwa ametambulishwa kwa Wamisri kama dada tu, Abramu alipata kondoo na ng'ombe, punda waume, watumwa, wajakazi, punda wake na ngamia (Mwa. 12:16). Katika orodha hiyo wanadamu wamewekwa katikati ya punda na punda. Wasomaji wengi wa Biblia wameona kwamba Hajiri, Mmisri, aliingia katika nyumba ya Abramu kwa njia hiyo. Ikiwa ndivyo, basi maisha yake yote yaliyofuata yalianza na uongo ambao yeye hakuusema.

Miaka kumi ilipita katika nchi ya Kanaani, na ahadi ya uzao ilikuwa haijatimizwa. Ndipo Sarai alipomchukua Hajiri akampa mumewe awe mkewe.

Soma Mwanzo 16:1–6. Katika mafungu haya, Abramu na Sarai wanapomzungumzia Hajiri, wanamwitaje?

Msomaji wa leo hushtuka hapa, na ana sababu. Hata hivyo majirani wa Abramu wasingeshtuka. Katika vibao vya udongo vilivyofukuliwa Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, kuanzia mwaka 1925, umo mkataba wa ndoa wenye sharti kwamba mke asipozaa, yeye mwenyewe atamtafutia mumewe mjakazi. Sheria za Hammurabi, aliyetawala Babeli mnamo 1792 hadi 1750 K.K., zinamtaja mke wa daraja la makuhani ambaye hakutakiwa kuzaa, na aliyempa mumewe mjakazi badala yake. Mjakazi huyo akiisha kuzaa, akajilinganisha na bibi yake, bibi hakuruhusiwa kumwuza. Ila aliweza kumtia alama ya utumwa na kumhesabu tena miongoni mwa wajakazi. Hilo linakaribiana sana na jambo lililotokea katika hema ya Abramu. Hajiri alipojiona ana mimba alimdharau bibi yake. Sarai akalalamika. Abramu akajibu kama mtu anayeijua desturi: mjakazi yuko mkononi mwa bibi yake. Raheli na Lea, wajukuu wa ukoo huo kwa ndoa, baadaye walifanya vivyo hivyo kwa Bilha na Zilpa, na hakuna aliyewashangaa.

Kwa hiyo yuko anayesema kwamba Abramu hana hatia, kwa kuwa aliishi kama watu wa zama zake. Yuko na mwingine anayemfuta Abramu katika safu ya mashujaa wa imani, kwa kuwa alimtumia binti wa watu ambaye hakuulizwa. Hukumu zote mbili ni za haraka mno. Ya kwanza inasahau kwamba hata katika zama hizo alikuwapo mtu mmoja katika hema ile ambaye desturi ilimwumiza. Ya pili inadhani zama hizo ziko mbali sana nasi. Kiswahili kina neno lake la kale kwa mwanamke wa namna hiyo, suria, na si Biblia iliyolileta pwani. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, wakahesabiwa kama wake. Ilibidi wangoje hadi 1909. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya mitala naye hahitaji kwenda Nuzi ili aelewe macho ya Sarai na macho ya Hajiri yalivyokutana kila asubuhi kisimani.

Maandiko yenyewe hayamhukumu Abramu kwa kipimo cha Babeli wala kwa kipimo cha karne hii. Kipimo kilikuwa kimeshawekwa Edeni: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, mwili mmoja (Mwa. 2:24). Ellen G. White, katika kitabu cha Wazee na Manabii, anakubali kwamba ndoa ya mitala ilikuwa imeenea hata watu wakaacha kuiona kuwa dhambi, lakini hakubali kwamba kwa sababu hiyo iliacha kuwa dhambi. Musa naye, anaposimulia, hatoi hotuba juu ya jambo hili. Anachagua maneno. Sura moja kabla, Mungu alimwambia Abramu kwamba uzao wake utatumikishwa na kuteswa katika nchi isiyo yao (Mwa. 15:13). Kisha Sarai anamtesa Hajiri, na neno la Kiebrania ni lile lile (Mwa. 16:6). Misri ilikuwa bado haijamgusa Mwebrania hata mmoja kwa mjeledi, na tayari Mmisri anakimbia kutoka nyumba ya Waebrania.

Alikimbilia njia ya Shuri, yaani njia ya kwenda kwao. Malaika wa Bwana akamkuta penye chemchemi, na hapo kwa mara ya kwanza katika habari hii mtu anamsemesha kwa jina lake. Abramu hakufanya hivyo hata mara moja, wala Sarai; kwao alikuwa mjakazi wangu, mjakazi wako, na baadaye mjakazi huyu. Malaika akampa ahadi ya uzao usiohesabika, jambo ambalo mwanamke yeyote mwingine katika kitabu cha Mwanzo hakuambiwa na malaika uso kwa uso, na akampa jina la mtoto: Ishmaeli, Mungu husikia. Hajiri naye akampa Bwana jina, akimwita Mungu aonaye. Mtumwa Mmisri, mjamzito, ndiye wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina.

Lakini aliambiwa arudi akanyenyekee chini ya bibi yake. Fungu hilo ni gumu, na halifai kulainishwa. Jangwani pekee, na mimba, pengine angekufa. Na kwa kurudi, mtoto alizaliwa nyumbani mwa baba yake, Abramu akiwa na miaka 86, akatahiriwa akiwa na miaka 13 na kuingizwa katika alama ya agano. Hayo yote ni kweli, na bado alirudi utumwani. Karne nyingi baadaye, Israeli waliotoka Misri walipewa sheria inayokataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyetoroka (Kum. 23:15, 16). Babeli ya Hammurabi ilimwua mtu aliyemficha mtumwa mtoro.

Soma Kumbukumbu la Torati 15:12–15. Linganisha na Mwanzo 21:14. Ibrahimu alimpa Hajiri nini alipomwacha aende?

Isaka alipoachishwa ziwa, Sara alidai mjakazi na mwanawe wafukuzwe, ili Ishmaeli asirithi. Desturi ilikuwa na jibu kwa hilo pia: sheria za Lipit-Ishtari, mfalme wa Isin, zilimpa mjakazi na watoto wake uhuru, na watoto hao wakakosa fungu la urithi. Jambo hilo lilimwuma Ibrahimu kwa ajili ya mwanawe. Mungu alipomjibu, alimtaja kijana, na akamtaja mwanamke pia. Asubuhi na mapema yule tajiri wa kondoo na ngamia akatoa mkate na kiriba cha maji. Torati ingekuja kumwagiza Mwisraeli asimwache mtumwa aende mikono mitupu, bali ampe kwa ukarimu katika kundi lake na uwanja wake wa kupuria na shinikizo lake, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtumwa Misri.

Maji yakaisha katika nyika ya Beer-sheba. Hajiri akamlaza kijana chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali kiasi cha mtupo wa mshale asimwone akifa, akalia. Akaitwa tena kwa jina lake, safari hii kutoka mbinguni, na macho yake yakafumbuliwa akaona kisima. Ishmaeli akakua katika jangwa la Parani, akawa mpiga upinde. Mama yake akamtwalia mke kutoka nchi ya Misri. Kwa desturi za wakati ule kumwoza mwana lilikuwa jambo la baba. Hajiri, akiwa huru, alilifanya mwenyewe.

Ibrahimu alipokufa, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja katika pango la Makpela. Kisha Isaka, mwana wa ahadi, akakaa karibu na Beer-lahai-roi, kisima ambacho jina lake lilitokana na maneno ya Hajiri.