Mfalme Aliyegeuka Haramia

Mwalimu wa makamo asimamapo ufukweni upande wa Kisauni jioni, kwapani ana fungu la madaftari ya kusahihishwa, huenda akaitazama Ngome ya Yesu ng'ambo ya maji na kuwaza: kwa nini nisitupe chaki nikawe haramia wa baharini? Simlaumu, ndoto haitozwi kodi. Ila yupo mtu wa Mombasa aliyeifuata njia hiyo kwa kweli, naye hakuacha chaki, aliacha kiti cha ufalme.

Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa miaka kama saba babake, Sultani Hassan bin Ahmad, alipowakimbia Wareno mwaka 1614. Sultani alivuka bara, akauawa upande wa Rabai na watu waliokwisha kuhongwa. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri Waagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akajifunza ubaharia na kupiga mizinga. Mnamo 1626 Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakidhani wamejifinyangia chombo cha kutumia.

Ufalme gani huo! Kapiteni wa ngome alimdharau waziwazi. Ikasemekana kuwa usiku alionekana kaburini kwa babake akiomba dua ya Kiislamu, na habari ikamfikia kapiteni. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni, akamuua kapiteni huyo, Pedro Leitão de Gamboa. Siku zilizofuata Wakristo wengi waliuawa, Waafrika miongoni mwao, wanawake na watoto pia. Wengi wetu tufundishapo huishia penye kuanguka kwa ngome, tukamwacha Yusuf shujaa. Nadhani tunawapunja wanafunzi.

Mapema mwaka 1632 manowari za kutoka Goa zilimzingira, zikashindwa. Alijua zingerudi. Mwezi Mei alipanda jahazi alilowanyang'anya Wareno hao hao, akaondoka. Kwa kiasi cha miaka sita alitangatanga Bahari ya Shamu, Komoro na Bukini, akiwawinda Wareno kwa ubaharia waliomfunza wenyewe. Bandari ya kuiita kwao hakuwa nayo tena. Alifia Jeddah yapata mwaka 1638, hata umri wa makamo hajaufikia. Husimuliwa kuwa waliomuua walikuwa maharamia.

Mombasa ilirudi mikononi mwa Wareno mwaka ule ule wa 1632. Miji ya pwani iliyoasi pamoja naye ndiyo iliyolipa. Baadaye adhabu hizo zilichongwa katika jiwe juu ya lango la ngome, nalo humtaja yeye kuwa mfalme dhalimu. Jiwe hilo lingali pale pale.