ELVIS PRESLEY NA GARI LA MAMAKE

Wengi wetu twamjua Elvis Presley kwa nyimbo zake. Mimi nitawasimulia juu ya magari yake.

Elvis alizaliwa tarehe 8 Januari 1935 mjini Tupelo, Marekani, katika nyumba ya vyumba viwili tu. Wazazi wake walikuwa maskini hohehahe. Alipomaliza shule alipata kazi ya kuendesha lori.

Mwaka wa 1955 uimbaji ulianza kumletea pesa. Alinunua Cadillac ya buluu, gari la kifahari lenye vyuma vya kung'aa kama kioo. Akalipaka rangi ya waridi, akampa mamake, Gladys. Kumbe mama mwenyewe hakujua kuendesha! Mama huyo alifariki mwaka wa 1958.

Elvis aliendelea kununua Cadillac, nyingine akiwapa watu bure. Moja ya mwaka wa 1960, fundi George Barris aliipaka vyuma vyake dhahabu, akatia televisheni na simu ndani.

Elvis aliaga dunia tarehe 16 Agosti 1977, akiwa na miaka 42. Lile gari la mama hakuliuza kamwe. Mpaka leo liko Graceland, nyumbani kwake mjini Memphis.

Wenzangu, tukifanikiwa tuwakumbuke wazazi wetu wangali hai.