Ram Mohan Roy: Mtu Aliyeuliza

Ndugu msomaji, wako watu wengi wadhanio kuwa dini ni urithi kama shamba au nyumba: aliyoiacha baba ndiyo aishikayo mwana, wala hapana haja ya kuuliza. Ikiwa wewe nawe umeanza kuuliza, na jamaa zako wanakutazama kwa jicho la hasira, basi tafadhali soma habari za mtu huyu wa Bara Hindi.

Ram Mohan Roy alizaliwa Radhanagar, katika Bengal, mwaka 1772 (wengine husema 1774), katika ukoo wa Wabrahmin, tabaka la juu kabisa la Wahindu. Siku zile Kiajemi ndicho kilichokuwa lugha ya serikali na mahakama, kwa hiyo alifundishwa Kiajemi na Kiarabu, kisha Kisanskriti. Kwa njia ya lugha hizo alikutana na mafundisho ya Kiislamu juu ya Mungu Mmoja asiye na mshirika. Moyo wake ukaikataa ibada ya masanamu. Jambo hilo lilimfarakanisha na baba yake, na baadaye mama yake mzazi pia akampinga.

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka karibu na mwaka 1804, alikiandika kwa Kiajemi na dibaji yake kwa Kiarabu. Jina lake ni Tuhfat-ul-Muwahhidin, yaani zawadi kwa wale wampwekeshao Mungu. Baada ya kuitumikia Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, alihamia Calcutta, akaanza kuvitafsiri vitabu vya kale vya Wahindu katika lugha ya watu wa kawaida, ili aonyeshe kuwa hata humo imo imani ya Mungu Mmoja. Makuhani walikasirika. Mwaka 1820 alitoa kitabu juu ya mafundisho ya Yesu, akiyatenga na miujiza na itikadi ya Utatu. Safari hii waliokasirika ni mapadre. Lakini William Adam, mmishenari wa Kibaptisti aliyejadiliana naye, aliacha itikadi ya Utatu mwaka 1821.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba haya yalikuwa mabishano ya wanavyuoni tu. Katika nchi ile ilikuwako desturi iitwayo sati: mume afapo, mjane wake huchomwa moto akiwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Mwaka 1818 peke yake, serikali iliandika habari za wajane 839 waliochomwa katika jimbo la Bengal. Mwaka huo huo Ram Mohan alitoa kijitabu chake cha kwanza cha kuipinga desturi hiyo, akathibitisha kuwa dini yao wenyewe haikuwaamrisha.

Gavana Bentinck alipomtaka shauri, Ram Mohan aliogopa kuwa amri ya ghafla ingewafanya watu waone dini yao inashambuliwa, akashauri mambo yaende polepole. Hata hivyo, amri ilipotoka tarehe 4 Desemba 1829, aliitetea kwa nguvu zake zote. Wapinzani walipeleka rufani London. Naye alikuwako huko ilipotupwa mwaka 1832.

Mwaka 1828 alianzisha jumuiya iliyokuja kuitwa Brahmo Samaj. Nyumba yao ya ibada iliyofunguliwa mwaka 1830 haikuruhusu sanamu wala kafara, na mlango wake ulikuwa wazi kwa watu wa kila tabaka. Mwaka huo huo alisafiri kwenda Uingereza akiwa mjumbe wa Mfalme Akbar wa Pili wa Delhi, aliyempa cheo cha Raja. Alifariki Bristol tarehe 27 Septemba 1833.

Ni haki tuseme pia kwamba hakuuvua uzi wa Kibrahmin mpaka kufa kwake. Aliuona mlango, akawaonyesha wengine, lakini mguu wake mmoja ulibaki kizingitini. Tusimhukumu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni. Ila wewe, ndugu msomaji, jiulize: ikiwa mtu yule aliyekuwa peke yake alivumilia hasira ya wazazi, makuhani na mapadre kwa ajili ya ukweli alioufikia, je, wewe unaogopa nini? Uliza, soma, na umwombe Mola wako akuongoze. Na ukweli ukikudhihirikia, usisimame kizingitini.