Mackay, Mtu Asiyetupa Kitu

Wengi wenu mnalijua jina la Alexander Mackay kwa habari za dini. Mimi nataka kusimulia kazi ya mikono yake, maana alikuja katika nchi ambako hata msumari uliletwa kichwani mwa mpagazi kutoka pwani, safari ya miezi. Kipande cha chuma kilichotupwa hakikupatikana tena.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1849, huko Rhynie, Scotland, mwana wa mchungaji. Alisomea uinjinia Edinburgh, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1876 akafika Unguja pamoja na wamisionari wa kwanza waliotumwa kwa Kabaka Mutesa. Homa ikamrudisha pwani, akashika kazi ya kufyeka barabara ya Saadani hadi Mpwapwa.

Mwezi wa Juni 1878 ndipo alipofika Kagei, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako siku hizi ni Tanzania. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuuawa Ukerewe, na mali yao ilirundikwa ndani ya kibanda: misumeno, mabomba ya mvuke, vitabu, dawa, mbegu, herufi za chapa, vyote vimechanganyika na kushikwa na kutu. Mtu mwingine angaliagiza vipya Uingereza. Mackay aliketi akachambua kimoja kimoja, akasugua kutu, akaunga vilivyovunjika. Mashua yao, Daisy, ilikuwa mbovu, na mbao za kuitengeneza hazikuwapo. Basi akakata futi 8 katikati ya mashua yenyewe, akatumia mbao hizo kuziba omo na tezi, kisha akaunganisha pande mbili. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea, na mwezi wa Novemba akawa Buganda. (Katika karakana yetu shuleni vipande vya mbao huishia jikoni kwa mpishi!)

Huko alifua vyuma, akachonga herufi za mbao ili watu wajifunze kusoma. Watu wakamwita Mzungu wa Kazi.

Mwaka 1882 Namasole, mama yake Mutesa, alifariki, na Kabaka akamtaka Mackay atengeneze jeneza. Shaba ingetoka wapi? Zikaletwa sinia, ngoma za shaba, vyungu na sahani. Mackay na wahunzi wa Kiganda wakavibomoa, wakavifua kuwa mabamba, wakatengeneza sanduku la shaba, moja ya masanduku matatu yaliyotiwa moja ndani ya jingine. Kazi ilikuwa nzuri na watu wakastaajabu. Lakini kaburi lilijazwa nguo nyingi mno za thamani, na shaba ile yote ikafukiwa udongoni. Mimi naona fundi mwenye tabia yake lazima aliumia moyoni, ingawa ilikuwa heshima ya mama wa mfalme.

Mutesa alifariki mwaka 1884. Mwaka 1887 Mwanga alimfukuza Mackay, naye akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Pale aliendelea kusubu herufi na kupasua mbao za mashua mpya, ambayo hakuimaliza. Homa ilimwua tarehe 8 Februari, 1890, akiwa na miaka 40. Mifupa yake ililetwa Namirembe mwaka 1927. Ila siku ile ya kwanza, mwenzake aliyebaki naye alitafuta mbao za jeneza, akazichukua zile zile alizozipasua marehemu kwa ajili ya mashua.