Maisha ya Edsger Dijkstra na Shilingi 300 za Chama

Kabla sijawasimulia habari za marehemu huyu, sina budi kuungama kosa langu. Muhula uliopita mweka hazina wa chama chetu alishukiwa kula pesa. Kompyuta ilisema tuna shilingi 1,800, lakini tulipohesabu sandukuni tukakuta 1,500. Jamani, msichana wa watu alilia! Na programu ile ya hesabu niliiandika mimi. Mwalimu wetu aliniambia niende nikasome maisha ya Edsger Dijkstra.

Bwana huyu alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, tarehe 11 Mei 1930. Babake alikuwa mtaalamu wa kemia na mamake wa hisabati. Mwaka wa 1952 alianza kuandika programu katika kituo cha hisabati cha Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno, hivi kwamba alipooa mwaka wa 1957, maofisa wa mji walikataa kuiandika kwenye cheti cha ndoa. Ikabidi aandikwe mwanafizikia! Mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa mkahawani na mchumba wake, alibuni kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili.

Mwaka wa 1962 akawa profesa Eindhoven. Huko yeye na wenzake walitengeneza mfumo wa kompyuta unaofanya kazi kadhaa kwa pamoja. Siku hizi kazi za namna hiyo ndani ya programu moja huitwa nyuzi. Taabu ya nyuzi ni hii: siku ile tulikuwa na shilingi 2,000. Uzi wa kwanza ulisoma 2,000, ukatoa 300 za karatasi, ukaandika 1,700. Uzi wa pili nao ulikuwa umeshasoma 2,000, ukatoa 200 za nauli ya matatu, ukaandika 1,800 juu ya ile 1,700. Kumbe hapakuwa na mwizi!

Katika maandishi yake ya 1965, Dijkstra alieleza dawa aliyoiita semafori, jina la mlingoti wa ishara wa reli. Hebu fikirieni reli ya zamani ya njia moja inayopanda kutoka Nairobi kwenda Kikuyu. Garimoshi moja likiwa ndani, la pili lazima lingoje hadi njia iwe wazi. Nyuzi nazo zingojane vivyo hivyo.

Lakini ni nani wa kusimamisha mlingoti? Ni aliyeandika maktaba, yaani programu zilizo tayari ambazo sisi huziazima, au ni anayeazima? Lugha ya Java ilipotoka mwaka wa 1996, orodha yake iitwayo Vector ilijifunga yenyewe. Mwaka wa 1998 ikaja ArrayList, isiyojifunga. Kufunga kila hatua huchelewesha kazi, tena hakutoshi: kusoma ni hatua moja, kuandika ni ya pili, na mwingine aweza kupenya katikati. Kwa hiyo maelezo yake humwambia mtumiaji afunge mwenyewe.

Maktaba niliyoiazima ilikuwa na onyo kama hilo. Mimi sikusoma. Basi nilisimama mbele ya wanachama, nikamwomba mweka hazina msamaha, kisha nikaweka kufuli moja kuanzia kusoma hadi kuandika.

Dijkstra alipewa Tuzo ya Turing mwaka wa 1972, akafariki tarehe 6 Agosti 2002 akiwa na umri wa miaka 72. Nilichojifunza kwake ni hiki: mwenye maktaba aseme wazi kama inafungwa au la, na mwenye kuazima asome kabla ya kutumia. Wenzangu wa Riruta, msingoje mtu alie ndipo msome maelezo. Majuto ni mjukuu.