Hamilton Naki, fundi wa dawa ya kulalisha

Kuko bantu benye kusimulia mpaka leo kwamba moyo wa kwanza kupandikizwa mu kifua cha mutu, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, uliwekwa na mikono ya mutunza-bustani mweusi, kisha Professeur Christiaan Barnard akabeba sifa yote. Hadisi ni tamu, lakini si kweli. Hamilton Naki hakuwa mu chumba cha operesheni usiku ule. Apartheid haingemuachilia kugusa mugonjwa muzungu. Dawa ya kulalisha ilitolewa na munganga Joseph Ozinsky. Siye tunaisema mapema, juu kazi yake ya kweli haikosi chumvi.

Alizaliwa karibu mwaka 1926 ku Ngcingane, kijiji cha Transkei. Masomo aliacha na miaka 14, akaenda Cape Town, université ikamuandika kukata majani na kusawazisha viwanja vya tenisi. Mwaka 1954, Professeur Robert Goetz alikuwa anachunguza twiga na alitafuta mutu wa nguvu wa kumusaidia. Akamuita Naki.

Njo namna aliingia mu labo ya banyama. Alianza na kusafisha vizimba, kisha akajifunza kulalisha imbwa na nguruwe mbele ya banganga kupasua. Hii si kazi ya kupiga shindano na kwenda. Dawa ikipunguka, munyama anaamuka kisu kingali ndani; ikizidi, pumzi inakatika na moyo unasimama. Lazima kuingiza mupira mu koo, kuhesabu pumzi, kuangalia rangi ya ulimi, bila kugeuza macho. Operesheni ikiisha, yeye angali pale mpaka munyama aamuke. Tena hakuwa na diplome hata moja.

Kisha akapandikiza mwenyewe maini ya nguruwe, na banganga vijana bakajifunza kwake. Makosa yao balifanyia paka pale, mbele ya kufika ku mugonjwa. Barnard mwenyewe, mu miaka yake ya mwisho, alisifu ufundi wake wazi.

Alistaafu 1991 na pensheni ndogo. Serikali ilimupa nishani ya Mapungubwe 2002, université ikamupa digrii ya heshima ya masters mu mambo ya tiba 2003. Alikufa tarehe 29 Mei 2005. Magazeti makubwa ya ng'ambo yakaandika tena ile hadisi ya 1967, kisha yakalazimika kuisahihisha.