René Laennec

René-Théophile-Hyacinthe Laennec (Quimper, Ufaransa, 17 Februari 1781 – Ploaré, 13 Agosti 1826) alikuwa daktari Mfaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni stetoskopu, yaani chombo cha kusikilizia moyo na mapafu, na kwa kutofautisha magonjwa ya kifua ambayo kabla yake yalichanganywa.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mkoa wa Bretagne, akiwa mtoto wa mwanasheria. Mama yake alifariki René akiwa na umri wa miaka 5. Baadaye alilelewa mjini Nantes na amu yake, daktari Guillaume Laennec, na huko akaanza kujifunza tiba akiwa na miaka 14. Mwaka 1801 alikwenda Paris kusoma chini ya Jean-Nicolas Corvisart, aliyefundisha namna ya kupima kifua kwa kukigonga kwa vidole. Alihitimu mwaka 1804.

Stetoskopu

Mwaka 1816, mwaka alioanza kazi katika hospitali ya Necker, Laennec alimpima mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kwa sababu ya unene wa mgonjwa, kugonga kifua hakukusaidia, na heshima haikumruhusu kuweka sikio kifuani pake. Akakunja karatasi kuwa bomba, akasikia mapigo ya moyo vizuri kuliko alivyowahi kuyasikia. Baada ya hapo alitengeneza bomba la mti lenye urefu wa sentimita 30 hivi. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1819 katika kitabu cha juzuu mbili.

Utambuzi wa magonjwa ya mapafu

Nguvu ya Laennec ilikuwa katika kulinganisha. Aliandika sauti alizozisikia kwa mgonjwa akiwa hai, kisha mgonjwa akifa alichunguza mapafu ya maiti. Kwa njia hiyo alieleza alama za nimonia, kifua kikuu na kupanuka kwa mirija ya hewa.

Alieleza pia emfisema, ugonjwa sugu unaoharibu vifuko vya hewa na ambao huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa. Zamani wagonjwa hao wenye kuishiwa pumzi walihesabiwa kuwa na pumu tu. Laennec alionyesha kwamba kifua chao kikigongwa hutoa mlio wa uwazi, lakini sauti ya pumzi husikika kwa shida. Tena maiti ikipasuliwa, mapafu hayanywei kama ilivyo kawaida.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1822 aliteuliwa kuwa profesa katika Collège de France, na mwaka 1824 alimwoa Jacquette Argou. Afya yake ilikuwa dhaifu kwa muda mrefu. Mwaka 1826 jamaa yake Mériadec, aliyekuwa daktari pia, alimsikiliza kifua kwa stetoskopu na kukuta dalili za kifua kikuu, ugonjwa ambao Laennec alikuwa ameufafanua kuliko wote waliomtangulia. Alirudi Bretagne, akafariki huko akiwa na miaka 45.

Urithi

Stetoskopu bado hutumika duniani kote. Hata hivyo, kwa mzee mwenye kuishiwa pumzi sikio pekee halitoshi, kwa kuwa pumu, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa na udhaifu wa moyo hufanana. Siku hizi kuziba kwa njia za hewa huthibitishwa kwa spirometa, chombo kinachopima hewa inayopulizwa, ambacho Mwingereza John Hutchinson alikitangaza miaka ya 1840.